Ondoa Kimoja Tena

Jumatatu, 6 Machi 1995

Mvua tangu juzi. Mteja mmoja tu, dada wa mtaa wetu huu wa Bagamoyo, hapa Tukuyu. Kataka apigwe picha na redio, thermos, maua ya plastiki, na saa ya mkononi iliyoinuliwa ionekane. Nimempiga na vyote. Siku hizi maduka ya Tukuyu yamejaa vitu, na kila mtu anataka vyake viingie kwenye picha kabla havijaharibika.

Bahasha ya Mbeya imefika na basi. Fundi Sanga ndiye anayenisafishia filamu za rangi, na tangu nimwombe anifundishe, huandika maoni nyuma ya picha kwa penseli. Leo: "Hii ni studio au soko? Ondoa." Karibu zote zina neno hilo. Ondoa, ondoa. Nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Kisha nimezitazama upya. Ana haki, mzee yule.

Alhamisi, 16 Machi

Nilimpelekea Sanga picha ya mchuma chai mmoja, mdogo, chini kabisa, na chai tupu mpaka juu. Nilijua nimemweza. Amejibu: "Nzuri. Ule mti wa kulia unafanya nini? Ondoa kimoja tena." Niukate mti wa watu? Chini yake kaongeza: "Mti hausogei. Sogea wewe."

Nimecheka peke yangu kama kichaa. Kumbe ni hivyo tu.

Jumapili, 26 Machi

Kinyala, nyumbani. Mama amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Dada yangu Tumpe anasema hali chochote, hata mbalaga, ndizi zetu za kupika, anaisukuma. Mama mwenyewe hakutaka habari za ugonjwa. Alitaka picha. Moja nzuri, alisema, ya kuwekwa. Hakuna aliyemuuliza ya kuwekwa wapi. Huku kwetu picha ya mtu hutangulia mbele ya jeneza lake.

Nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Nikawaondoa wajukuu. Nikawaondoa majirani waliokuja kumjulia hali, wakaondoka wananung'unika. Ng'ombe akahamishwa. Hata Tumpe, aliyekuwa anamnyooshea kanga, nikamwambia apishe. Wakabaki Mama, kigoda na ukungu juu ya migomba. Nikabonyeza kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 5 Aprili

Sanga: "Hii ndiyo. Usiguse kitu." Na amenikuzia picha bila kuombwa.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimempelekea Mama. Ameitazama. Akaigeuza, akatazama nyuma, kama kuna wengine wamejificha huko.

"Asajile, watu wangu umewapeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba jicho linataka kupumzika. Akauliza jicho la nani. Akasema anayekaa peke yake hivyo ni mchawi aliyekimbiwa na kijiji. "Mimi nimelima na watu, nimezaa na kuzika na watu. Nipige na watu, mwanangu."

Nimemwahidi Pasaka, wote watakapokuwepo. Naona aibu. Sijui hata aibu ya nini, maana picha ni nzuri.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Wote walikuja. Wameoga, wamevaa mitumba yao bora, shangazi kaja na kofia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Hiyo ningeiweza, flashi ninayo. Lakini Mama hakuweza kukaa. Wakamwinua, akateleza. Wakamwinua tena, kichwa kikaanguka kifuani. Wote wakanitazama mimi, kamera iko jichoni.

Sikubonyeza. Ningebonyezaje?

Kesho tunampeleka hospitali, Igogwe.

Jumatano, 19 Aprili

Daktari ametuita pembeni mimi na Tumpe. Kwa upole sana. Amesema tukae naye tu.

Kazi yangu nzima ni kusogea. Hatua kushoto, piga goti, subiri mwanga. Humu wodini hakuna pa kusogea. Nimeshika mguu wake juu ya blanketi, basi.

Jumapili, 23 Aprili

Mama alifariki Ijumaa. Tumezika leo.

Iliyotangulia ni picha ile ile, hatuna nyingine. Mama mmoja wa kanisani aliiinamia, kisha akaniuliza kama siku hiyo nyumbani hapakuwa na mtu. Nikajifanya sijasikia.

Baada ya makaburi Tumpe akawasimamisha wote mbele ya nyumba. Watoto, majirani, shangazi, walioshika sufuria na sufuria zao, mpaka ng'ombe upande mmoja. Akanisukumia kamera. Wakajipanga wenyewe, wakaacha nafasi katikati. Nikawaambia wasogee, waibane. Hakuna aliyesogea. Nikarudia, kwa hasira.

"Pale ni pake," Tumpe akasema.

Nikabonyeza.

Alhamisi, 4 Mei

Mvua imekata. Bahasha imefika.

Sanga sikumwambia habari za msiba. Nyuma ya picha ya nyumbani ameandika: "Watu wengi mno, na ng'ombe pia. Lakini sasa umeelewa. Hiyo nafasi tupu ndiyo picha. Umeipataje?"

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa, nikaisoma tena. Chai imepoa hapo mezani. Nilichukua kalamu nimjibu, nikaiweka.

Mchana karudi yule dada wa redio. Redio anayo, maua anayo, na safari hii kaja na mama yake, mzee mwenye haya, anasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. Dada akauliza mama akae upande gani asiharibu picha.

Nikamwonyesha katikati.