Meza ya Mashua Yetu Iko Tabora

Baba, shikamoo. Natumaini mguu unaendelea kupona huko Kigoma.

Meza ya ndani ya mashua ilifika salama kwa treni. Fundi Zuwena aliipapasa, akacheka: "Hii ni mbao ya mninga wa Kaliua, hapa hapa Tabora. Imerudi kwao." Nawe miaka yote ukituambia mbao zake zilitoka Ulaya!

Tangu asubuhi tunakwangua vanishi ya zamani huku tukitafuna michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, mvua inapiga bati. Uliniagiza tuondoe kila doa. Tulipofika kwenye lile duara jeusi lililoachwa na sufuria ya marehemu mama, fundi akachukua msasa. Nikamshika mkono.

"Si ulisema baba anataka meza ing'ae?" akauliza.

"Itang'aa. Lakini hilo aliliacha mama yangu."

Akanitazama, kisha akaweka msasa chini. "Basi tupake vanishi juu yake, lisifutike kamwe."

Nisamehe, Baba, hapo sikukutii. Nilijua kama ungekuwepo, nawe mkono wako ungekuwa mzito kulifuta.

Kula vizuri, na usipande mashuani kabla sijafika. Nakupenda sana.

Binti yako,
Neema