Vipimo vya Rafiki wa Kazini

4 Agosti

Wifi yangu Sindano,

U mzima? Mama naye, magoti yanamruhusu kupanda ngazi? Mimi ni mzima kabisa, ila mikono imechanwa na miiba, na hiyo si habari mpya.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hatusikilizani. Ukipokea tu, cherehani zinanguruma nyuma yako, tunabaki kuulizana "unasemaje?" mpaka salio linaisha. Basi soma hii ukiwa umekaa.

Kampuni yetu ya maua imekubali kumlipia tiketi ndugu yangu mmoja, kuja na kurudi. Nimeandika jina lako. Nataka uje tule sikukuu pamoja, kuanzia wiki ya tatu ya Desemba mpaka mwaka mpya uingie. Najua ni mbali. Nilipokuambia kwamba nahamia Amerika ya Kusini uliniuliza kama huko ndiko dunia inakoishia. Haiishii huku, wifi. Kuna foleni za magari na majirani wenye kelele kama kwingine. Na Desemba ndiyo tunapumua kidogo. Ikifika Januari tunaanza kukimbizana na maua ya wapendanao, na mimi kama msimamizi wa ukumbi wa kufungashia hata jina langu nasahau.

Miaka mitatu sijakuona. Tangu tumzike kaka yako ni mitano, na ile miwili ya kwanza nililala chumba kimoja na wewe, nikakuzoea vibaya. Nimekukumbuka, basi.

La pili ni dogo. Rafiki yangu wa kazini anaolewa tarehe ishirini na nane Desemba. Nimemsifia mkono wako mpaka anataka gauni ulishone wewe, uje nalo. Jeupe la maziwa, mikono mirefu, lisiwe na mbwembwe. Nimempima kama ulivyonifundisha, kila bega peke yake. Kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, mkono ishirini na nne na nusu. Kutoka ncha ya bega hadi kiuno, kulia kumi na sita na nusu, kushoto kumi na sita. Urefu wa gauni utaona mwenyewe kwenye karatasi niliyoipiga picha.

Usikatae, tafadhali.

Wifi yako,
Mrefu

9 Agosti

Mrefu wangu,

Sisi hatujambo, magoti ya Mama yanalalamika lakini yanapanda. Mimi tangu nisome barua yako nimeshona mfuko wa suruali ya mtu nje badala ya ndani. Mwenyewe bado hajaona.

Jamani, unanipeleka wapi? Mimi ambaye lifti ya benki naipanda nimefumba macho! Na tena Desemba! Unajua Desemba ya fundi cherehani ilivyo. Watu wazima wenye akili zao wanakaa na vitambaa kabatini tangu Machi, wanavikumbuka siku nne kabla ya sikukuu. Halafu zinafuata sare za shule. Sasa nimebandika tangazo mlangoni, mwisho wa kupokea kazi ni tarehe kumi Desemba, atakayechelewa avae cha mwaka jana. Mteja mmoja ameniita jeuri. Nimemwambia ndiyo, tena jeuri anayekwenda Amerika ya Kusini.

Usinicheke kwa haya nitakayouliza. Kuna baridi kiasi gani? Ndege nikibadilisha njiani, nani ataniambia niingie ipi? Mkasi wangu wataniruhusu? Siendi popote bila mkasi wangu.

Mama nimemwambia. Akasema nikupige picha nyingi nimletee, maana wewe ndicho alichobakiwa nacho cha mwanawe. Alisema hivyo hivyo, kisha akaendelea kugombana na redio.

Rafiki yako asiwe na wasiwasi. Vipimo vyake sijaviangalia vizuri, kitambaa nakwenda kukinunua Jumatano. Anaolewa na nani? Mwanaume ana kazi?

Wifi yako,
Sindano

15 Agosti

Wifi Sindano,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi pia niko salama, na nimekucheka, samahani.

Mkasi uweke kwenye sanduku kubwa, usiubebe mkononi, watakunyang'anya. Baridi ni ya sweta asubuhi na jioni, mchana unalivua. Kwenye kubadilisha ndege, onyesha tiketi kwa mtu yeyote mwenye sare, atakuelekeza kwa kidole.

Nimeshapanga siku zako. Ya kwanza utalala tu, kwa sababu mji uko juu sana milimani na hewa yake haitoshi. Mgeni akipanda ngazi kumi anahema kama amefukuzwa na mbwa. Ya pili tutapanda vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya juu ya bonde, na huko hakuna kufumba macho. Ya tatu nakupeleka mtaa wa vitambaa. Mtaa mzima, wifi, pande zote mbili, duka baada ya duka! Hapo najua nitakupoteza.

Umeuliza mwanaume ana kazi. Ni fundi wa mashine za chumba cha baridi hapa kwetu, sote tunamwita Fundi Barafu. Ni mtu mpole. Anacheka akiwa amechelewa, wenzake wakishamaliza.

Hilo alilosema Mama limenikaa moyoni siku zote hizi. Kuna jambo nitakuambia ukifika. Si baya, au mimi naliona si baya. Gauni limefikia wapi?

Wifi yako,
Mrefu

12 Septemba

Wifi,

Hamjambo huko? Zaidi ya mwezi sasa sijapata neno. Nimepiga simu mara tisa, inaita mpaka inakata. Nikajiambia ni kazi. Nikajiambia simu imeharibika. Jana nikaona umeweka picha ya sare za kwaya ulizoshona, kwa hiyo simu ni nzima.

Mama anaumwa? Nimekukosea? Niandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako,
Mrefu

30 Septemba

Sindano,

Natumaini wewe na Mama ni wazima. Siwezi kuendelea hivi, ngoja niseme yote.

Vipimo vile ni vyangu. Hakuna rafiki wa kazini. Ninayeolewa ni mimi, na Fundi Barafu ndiye mwenyewe.

Niliwaza uje kwanza, umwone, ucheke naye, ndipo nikuambie. Huo ni woga na ujinga pia, naujua. Sikupanga kumpenda. Mwaka mzima alikuwa akinisalimia mlangoni pa chumba cha baridi na mimi namjibu "asante" na kupita. Siku moja mashine iliharibika tukakesha na maelfu ya maua yanayotaka kuoza, asubuhi nikagundua nimecheka usiku kucha. Nilikuwa nimesahau kwamba ninaweza kucheka hivyo. Kaka yako sijamsahau hata siku moja, na Fundi anajua, picha yake ameiona na ananiuliza habari zake bila kinyongo.

Ninachoogopa ni ninyi. Wazazi sina, na aliyenilea alishatangulia. Kwa kuolewa kwenu ndiko nilikopata mama, na nikakupata wewe. Nikiolewa kwingine nitakuwa nani kwenu? Mama anasema mimi ndicho alichobakiwa nacho cha mwanawe, na mimi nakwenda kumpokonya hata hicho. Najiona mwizi.

Ukiamua usije, nitaelewa. Lakini niambie. Huku kunyamaza kwako kunanimaliza.

Mrefu

8 Oktoba

Mrefu,

Salamu zitakuja mwisho. Kwanza nikugombeze.

Hivi wewe, unamdanganya fundi cherehani kwa vipimo? Fundi aliyekushonea kila nguo kwa miaka tisa? Ile Jumatano nilitandika kitambaa mezani, nikashika chaki, nikasoma mabega. Kulia kumi na sita na nusu, kushoto kumi na sita. Chaki ikagoma. Duniani nina mteja mmoja tu ambaye bega la kushoto limeshuka nusu inchi kwa kubebea ndoo za maua tangu msichana. Nikasema labda wako wawili. Nikasoma mkono, nikasoma urefu wa gauni. Nikatafuta kiti nikakaa.

Nilikasirika, sikufichi. Kitambaa nilikikunja nikakitupa kabatini. Si kwamba unaolewa! Ni kwamba mimi, mimi Sindano, nimekuwa mtu wa kufichwa. Na nililia pia kwa ajili ya kaka, nilimwona kama amekufa mara ya pili. Siku chache tu, yakaisha. Hasira zangu unazijua, hazina urefu.

Baada ya hapo hukunifunga mdomo wewe, alinifunga Mama. Nitamwambiaje? Kila nikitaka kukuandikia, naona siwezi kukuandikia kitu yeye akiwa hajui. Simu yako ikiita anasema, "Pokea basi, ni mwanangu huyo," na mimi najifanya nashona. Kwa hilo nisamehe, hukustahili.

Barua yako ya mwisho ilinikuta jikoni, Mama yuko mezani anachambua maharage. Nikaisoma, machozi yakanitoka mbele yake. Akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma yote, Mrefu, sikuruka neno, hata lile la mwizi. Hakuniangalia. Akachambua maharage mpaka ungo ukaisha, mimi nimesimama pale kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Halafu akasema, "Miaka mitano namwombea apate mtu. Nilikuwa naona aibu kumwambia aolewe, asije akadhani namfukuza."

Umesikia? Wanawake watatu wazima, kila mmoja anamwogopa mwenzake! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama naye akacheka, akafuta macho, akauliza kama huyo Fundi Barafu anakoroma.

Kisha akaniambia nikuandikie neno hili, na nalileta kama lilivyotoka kinywani mwake. "Mwanangu ndiye aliyemleta humu ndani, lakini hakuondoka naye."

Sasa na hilo la kuandika "Mrefu" peke yake mwishoni mwa barua, kama unamwandikia wakala wa nyumba. Usirudie tena.

Gauni nimelikata tangu juzi. Nusu inchi yako nimeiweka mahali pake, hakuna atakayeiona. Nitumie kiuno upya, maana mtu mwenye furaha hanenepi kwa ruhusa. Haya, hujambo? Mimi sijambo kabisa, sijawahi kuwa mwepesi hivi mwaka huu.

Wifi yako,
Sindano

10 Oktoba

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu,

Nimeandika mara tatu kufidia ile moja.

Shikamoo yangu mpe Mama, umwambie nimepiga magoti nikiisema. Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya ukumbi, mashada ya waridi yamejaa mezani. Nilianza kulia kwenye chaki, nikaangua kicheko kwenye maharage. Wasichana wa meza ya kwanza wakadhani nimefiwa. Wakamwita Fundi Barafu, akaja mbio na spana mkononi akidhani mashine imezimika. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno. Akasikiliza, akageuza spana mkononi, mimi nikaanza kuogopa. Baada ya dakika nzima ndipo akacheka lile swali la Mama la kukoroma. Hilo silijui bado, mwambie Mama nitamjulisha Januari.

Sijui nikushukuruje. Wiki sita nimekuwa nikila kama nameza pamba. Leo nimekula sahani mbili, kwa hiyo kiuno weka thelathini na moja.

Barua ya mwaliko nimeituma. Nimeeleza kila kitu, harusi na tarehe yake, sitaki tena kuficha kitu kwa mtu. Ipeleke ubalozini pamoja na pasipoti. Na wifi, nakuomba, usibishane na mtu kule.

Wifi yako,
Mrefu

27 Novemba

Mrefu wangu,

Hujambo? Hatujambo sisi. Mama amenunua kalenda mpya ili ahesabu vizuri. Mwanzoni mwa Januari anataka simu yenye picha, wewe na bwana wako mkae sawa mbele yake awahoji.

Viza nimepata! Natua tarehe kumi na tisa saa tano asubuhi. Gauni limekwisha, limelala kwenye mfuko wake, hilo nalibeba mkononi hata wanipige. Mkasi uko kwenye sanduku kubwa.

Sikubishana na mtu, ila nilikaribia. Sikiliza ilivyokuwa.

Nilisubiri tangu asubuhi kwenye viti vya chuma, nikaitwa dirisha la tatu. Ofisa mwenyewe mtu wa makamo, koti lake mkono mmoja umeuzidi mwingine, nikajizuia nisimwambie. Akapitisha kidole kwenye fomu mpaka pale wanapouliza mwenyeji wako ni nani kwako.

"Umeandika wifi. Yaani mke wa kaka yako."

"Ndiyo."

"Na kaka yako, naye yuko huko?"

"Kaka alifariki miaka mitano iliyopita."

Akanipa pole, ya kweli, si ya ofisini. Akachukua barua yako ya mwaliko, akaisoma polepole, akarudi juu akaisoma tena.

"Na mwenyeji wako anaolewa tarehe ishirini na nane."

"Ndiyo. Gauni nimeshona mimi."

Akaweka kalamu chini. Watu nyuma yangu wameanza kuguna. "Mama, nisaidie nielewe," akasema. "Anaolewa na mtu mwingine. Huyo bwana si ndugu yako, humjui hata kwa sura. Sasa kwenye hiyo harusi wewe unakwenda kama nani?"

Mrefu, niliingia mle ndani na woga tangu mlangoni. Swali hilo halikunitisha hata kidogo.

"Mimi ndio upande wa bibi harusi," nikamwambia. "Mzima."

Akaniangalia, akavuta muhuri, akagonga.

Wifi yako,
Sindano