Bushi ya Mgogoni

Baba,

Amani iwe nawe hapo kaburini ulipolazwa. Nianze na lile ambalo ungeliuliza mwanzo: mashine yako ya kukereza vyuma iko pale pale, na mimi Salma ndiye ninayeiendesha.

Ilikuwa karibu iondoke. Baada ya hitma yako, Ami Hamad alikuja karakana, akasimama mlangoni, kwa majonzi hakuweza kuingia. Akaniambia, "Mwanangu, kukereza unajua, sote twaona. Lakini kukata huwezi. Mashine ikapate mtu wake." Alishampata mnunuzi Unguja. Alisema kweli. Ulinifundisha kupima, kutoboa, kusawazisha. Ikifika pale pa kukikata kitu kilichokwisha kitengane na chuma kilichobaki, ulinigusa bega ukasema, "Nipishe." Nilidhani huniamini.

Ndipo pampu ya Mgogoni ikafa. Bi Time, anayeangalia kisima chao, aliniletea bushi yake, kile kibomba kifupi cha shaba kinachoshika mhimili wa pampu, imelika ikawa nyembamba kama pete. Wanawake wa kule walikuwa wakiteka maji bondeni na kupanda nayo kichwani. Mmoja alishateleza akavunjika mkono. Ulikuwa umeacha kipande cha shaba kinachotosha bushi moja tu. Nikamwambia Bi Time nitamtengenezea mpya. Ami nikamwomba angoje nimalize.

Shaba sikuthubutu kuigusa. Nilianza na vyuma chakavu. Kisu cha kukatia kiliingia kidogo tu, mashine nzima ikatetemeka na kupiga kelele, kisu kikavunjika. Nikafunga chengine, nikakirudisha ndani kisitokeze sana. Nikasogeza mahali pa kukata karibu na taya zinazoshika chuma. Nikapunguza mwendo, nikatia mafuta. Nikapima ncha ya kisu, nikaiona iko chini ya kitovu cha chuma, nikaipandisha kwa kibati nilichokitia chini yake. Kelele ilipungua, lakini kisu kilipokaribia katikati kiliruka mbele chenyewe, kikang'ata, kikakatika. Nilikaa sakafuni, Baba, nikalia. Nilikutaka wewe.

Nilipofuta macho nikakuona moyoni ulivyokuwa ukisimama wakati wa kukata: kiganja cha kushoto kimekandamiza kile kitako kinachobeba kisu, bega zima limelala juu yake. Nikainuka nikakitikisa kile kitako. Kilikuwa kinacheza! Kile chuma chembamba kinachokibana pembeni kimelika, na miaka yote hiyo ulikuwa ukikishikilia kwa mkono wako, vidole jirani na chuma kinachozunguka. Hukutaka mkono wangu ukae hapo. Baba... ungeniambia tu.

Mkono wangu sikuuweka hapo. Nilikifungua kitako, nikapachika kibati kigumu palipolika, nikazikaza skrubu zake moja moja mpaka kikawa kinateleza bila kucheza. Nikajaribu chuma chakavu, kikakatika. Nikajaribu chengine, nacho kikakatika.

Siku ya shaba Ami alikuja, na safari hii akaingia ndani. Nilipokwisha kuitoboa na kuisawazisha, nikaleta kisu. Hofu ikanishika, nikawa nasukuma kidogo kidogo, kisu kikasugua na kuanza kulia. Nikayakumbuka maneno yako: "Usikibembeleze chuma, Salma." Nikasukuma kwa mwendo mmoja usiosita. Chembe za shaba zikamwagika, sauti ikatulia, na bushi ikadondoka kwenye trei. Ami aliiokota ingali moto, akawa anairusha mkono huu na huu, anacheka na machozi yanamtoka.

Hapo hapo akapiga simu Unguja. "Niwie radhi, sheikh wangu," alisema. "Mashine hii ina mwenyewe."

Mgogoni maji yanatoka. Bi Time alinipigia, akaisogeza simu kwenye mdomo wa pampu nisikie. Nilisikia maji yakiingia ndooni, na wanawake wakipiga vigelegele.

Sasa watu wa Kiuyu wameniletea shafti, ule mhimili mrefu unaozunguka, ya mashine yao ya kukobolea mpunga. Imepinda vibaya na sijui bado nitaanzia wapi, lakini haitarudi kwao ilivyokuja. Nakuahidi, Baba, maadamu Mwenyezi Mungu amenipa uzima, karakana hii itasikika ikifanya kazi. Akupe nuru na nafasi huko uliko. Pumzika.

Mwanao,
Salma