Barua ya Kupinga Kituo cha Data, Bila Vina

Mama,

Mapipa mawili nimejaza, la tatu maji yakakatika. Usinisubiri kula.

Asubuhi uliposoma barua yangu ya kupinga kituo cha data ukacheka, "Malenga wangu, majirani watatia sahihi wapi, kwenye kina?", niliumia. Beti kumi na mbili, jasho langu! ~~Siendi mkutanoni.~~ Nimetangulia kupanga viti.

Nimezirudia zote. Hakuna hata ubeti mmoja unaosema mitambo ya kompyuta ya kituo hicho itapozwa kwa maji ya kisima chetu. Basi nimeiandika upya kwa maneno makavu. Iko chini ya sufuria. Tia sahihi, mpitishie shangazi, uilete mkutanoni kabla ya saa nane, baada ya hapo diwani hatapokea tena.

Ubeti mmoja nimeubakiza mwishoni. Huo usiuguse.

Mwanao uliyemcheka