Jicho la Mjomba Njeru

Mama, natumai magoti yako yamepata nafuu. Hapa Runyenjes manyunyu hayakatiki, na kaka yako Njeru anakunywa uji tu. Gego lake la juu lilimuuma wiki tatu, akaliziba kwa ugoro, maana huku wanasema ukilitoa jino la juu jicho linapofuka. Usaha ukapanda. Alipofikishwa hospitali jicho lilikuwa limeshakufa, ndipo wakaling'oa jino. Sasa majirani wanaleta ndizi, wanamtazama na kusema, "Si tulimwambia? Ameng'olewa jino, jicho limeenda." Mjomba mwenyewe anaitikia kwa kichwa.

Mama, lile lako la juu unalolitia karafuu, nenda likang'olewe kesho, kabla nasi hatujaletewa ndizi.

Akupendaye, Wanja