Mtu Aliyekuwa Chini ya Reli

Maan, Ijumaa baada ya sala

Kwako dada yangu Wadha, Mama Sattam,

Assalam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Sattam na Nuwar, na kwamba kile kikohozi cha Nuwar kimeondoka pamoja na baridi. Huku kwetu mama hajambo, goti lake tu ndilo linalomsumbua. Mbuzi wamezaa vizuri mwaka huu. Mke wangu anakusalimu sana, na anasema sufuria yako kubwa bado iko kwake na haoni haya. Mimi pia mzima. Katika barua kila mtu huandika kwamba wasiwasi wake uko kwa yule anayemwandikia, na mimi nimekuandikia hivyo miaka yote kwa mazoea tu. Leo wasiwasi wangu kweli uko kwako.

Jambo moja kabla sijaendelea. Huyo aliyekuletea barua, kwa leo mpokee kama mgeni. Mpe kahawa. Atakiweka kikombe chini asikinywe, na wewe unajua maana yake kama ninavyoijua mimi: amekuja na ombi, na hatakunywa mpaka ajibiwe. Usimuulize kitu. Mimi ndiye niliyemwambia akae kimya mpaka umalize kusoma.

Unajua kwamba tangu mwisho wa baridi nimekuwa nikiwaongoza watalii kwenye ile treni ya zamani inayoshuka kusini hadi Batn al-Ghul, Tumbo la Zimwi. Wageni wanataka kusikia vile vita vya zamani vya Waturuki na Waarabu. Nawaonyesha stesheni zenye matundu ya risasi, mahandaki walimojibanza Waturuki, na behewa lililopinduliwa enzi za babu ambalo hakuna aliyewahi kuliinua. Tukikaribia mteremko namalizia na dhahabu, kwamba Waturuki walipokimbia walifukia mishahara ya jeshi zima kando ya reli. Hapo hata waliokuwa wakisinzia huamka. Sisi tumeisikia hadithi hiyo tangu tunanyonya, na hakuna mwanamume wa ukoo wetu ambaye hajawahi kuchimba walau shimo moja la aibu mahali fulani.

Jumanne tuliondoka na wageni wachache. Mmoja alikuwa bibi wa Kituruki, Bi Nermin wa Izmir, ambaye babu yake aliletwa huku akiwa askari na hakurudi. Hakupiga picha hata moja. Kila stesheni alikuwa akiniuliza kama kuna makaburi, na mimi nikimjibu kwamba yako, ila hatujui ya nani. Dereva alikuwa Baba Raid, na ulimi wake unaujua. Tulipokuwa tunapakia maji aliniambia kwamba sauti yangu kwenye kipaza sauti ni ya mbuzi anayekatwa kwato, na kwamba anawaonea huruma watu waliolipa pesa zao kuja kuisikia.

Tulipofika pale daraja dogo la mawe linapovuka bonde, Baba Raid alikanyaga breki kwa nguvu hadi vikombe vikamwagika. Aliona pikapu imeegeshwa kando ya reli bila mtu, halafu akaona kokoto katikati ya mataruma ya reli zimedidimia. Alisimamisha treni, lakini magurudumu ya mbele ya injini yalikuwa yameshapanda daraja.

Nilishuka na fimbo yangu nikidhani ni wezi wa mbuzi. Kwenye mdomo wa daraja, pale maji ya mvua yanapopita, nikakuta chungu ya mchanga mbichi, na pembeni yake shimo limeingia ndani ya ukuta wenyewe. Nikajua ni wachimba dhahabu. Nilipandwa na hasira, nikawatukana kwa sauti, nikasema wana wa mbwa hawa watatuangushia watu bondeni kwa ajili ya hekaya. Kutoka ndani sauti nyembamba ikanijibu nisipige kelele. Ikaniambia nisikanyage hapo niliposimama, kwa sababu yeye amelishika.

Nilimuuliza ameshika nini. Akasema mchanga umemwangukia na kumfukia hadi kiunoni. Alikuwa amesikia reli zikilia, akajua treni inakuja, asiweze kutoka wala kupiga ukelele. Kile chuma alichokuwa akikichimba alidhani ni pembe ya sanduku. Alikuwa amekivuta kwa mikono miwili kama mtu anayemzalisha ngamia, na kilipomtokea mapajani ndipo akaona kina pua. Lilikuwa bomu la mzinga la wakati ule wa vita. Tangu hapo alikuwa amelikumbatia, anaogopa kuliweka chini.

Nilipanda kwa Baba Raid nikamweleza kwa kunong'ona, nikamwomba arudishe treni nyuma. Akaniuliza kama nina akili, kwamba akiitikisa injini hata kidogo daraja litamshukia yule mtu na bomu lake. Akasema pia kwamba kwenye mteremko ule breki ya hicho kizee chake cha injini haishiki bila yeye kuishikilia, kwa hiyo yeye haondoki. Nikamwambia atakufa. Akasema basi vizuri, angalau mara hii mkewe ataamini kwamba kweli alikuwa kazini. Alikuwa anacheka, Wadha, lakini shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka kwenye mkanda.

Niliwashusha wageni nikawaambia watembee kurudi stesheni tuliyotoka, na wapige simu jeshini mara watakapopata mtandao. Walikwenda mbio, tena bila maswali. Bi Nermin alikuwa wa mwisho. Alivua shali yake akanipa, akasema huko chini kuna baridi. Alipofika mbali kidogo niliona amekaa juu ya jiwe, viganja vyake viko wazi, anaomba.

Halafu nikaingia. Dada yangu, niliogopa. Niliogopa mpaka Fatiha ikanipotea katikati, nikawa naanza upya na upya kama mtoto wa madrasa. Injini ilikuwa juu ya kichwa changu inahema, na kila ikihema mchanga unanidondokea shingoni. Sikuthubutu kutumia sululu. Nilichimba kwa sahani ya chai, naijaza mchanga, nausukuma nyuma kwa miguu. Yeye alikuwa gizani, uso umejaa vumbi jeupe, macho tu ndiyo yanayoonekana. Alinifukuza. Alisema mimi nina watoto. Nikamwambia na wewe unao, nyamaza. Hapo akalia bila sauti, akiogopa hata kulia kusije kukalitikisa, akaniomba wasiambiwe alikuwa anafanya nini pale.

Miguu yake ilipokuwa huru, nilishindilia mchanga chini ya lile bomu mpaka likalala lenyewe. Nikamwambia aachie. Akasema ameshaachia. Nilitazama, mikono yake bado ilikuwa imelikamata. Alijaribu tena, vidole vikakataa. Ikabidi nivifungue mimi, kimoja kimoja, na yeye anavitazama kana kwamba si vyake. Kisha nikamkamata kwapani tukatoka kwa kutambaa kinyumenyume, nikamfunika na ile shali.

Wanajeshi walifika mchana. Walilitoa wakalipeleka bondeni, na kabla ya alasiri wakalilipua. Mlima uliurudisha mlio ule mpaka nikadhani hautakwisha. Ofisa wao aliniambia lilikuwa zima, halijaoza hata kidogo, na kwamba ubavuni, karibu kabisa na pua, alikuta alama mbichi ya sululu. Alinionyesha kwa vidole jinsi palivyokuwa padogo. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Baba Raid aliposhuka kwenye injini alikaa chini kwenye kokoto, akasema ni baridi yabisi.

Daraja limefungwa, safari zimesimama, nami nipo nyumbani. Yule mtu ameitwa mahakamani mwezi ujao. Hilo atalibeba mwenyewe.

Wadha, nimemwita 'yule mtu' mpaka hapa kwa sababu kalamu ilikuwa inakataa jina lake. Najua umeshanyanyua macho ukamtazama huyo aliyekaa karibu na mlango, na umeshajua. Ni Suwailim. Ni Baba Sattam, mume wako. Niliijua sauti yake pale pale shimoni, na ndiyo maana niliingia. Angekuwa mtu mwingine, Mungu anisamehe, sijui kama ningeingia.

Bandarini Akaba walimwachisha kazi tangu mwanzo wa baridi, akaona haya kukwambia. Lile begi ulilokuwa ukimfungia kila Jumamosi, pamoja na mkate na jibini, lilikuwa linakwenda Batn al-Ghul. Kuna mtu alimuuzia mashine ya kusikilizia chuma ardhini, akamwapia kwamba haikosei. Haikukosea kweli, chuma ilikipata. Mashine hiyo ilinunuliwa kwa bangili zako za mahari. Ukifungua sanduku la bati utakuta kitambaa kimefungwa kama ulivyokifunga na kina uzito wake. Ndani yake ni misumari ya reli. Aliiweka ili usishtuke ukilinyanyua.

Aliponieleza hayo nilitaka kumpiga, na ningempiga, ila alikuwa bado anatetemeka. Nilimwambia aje akwambie mwenyewe. Nimemkalisha hapa siku zote hizi tukijaribu. Ameshindwa. Ndiyo maana mimi nimeandika na yeye amebeba. Nilimwambia asiingie kama mwenye nyumba. Aingie kama mwenye haja, akae pale wanapokaa wenye haja, na asubiri. Mama hajui lolote, na kwangu hatalisikia mpaka utakaponiambia.

Sikuandikii umsamehe. Bangili zilikuwa zako, na uongo uliambiwa wewe. Ukitaka aondoke, mwache ainuke na kikombe kibaki pale hakijaguswa, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekulaumu. Nipigie, nitakuja siku hiyo hiyo na gari nikuchukue wewe na watoto, na chumba kile cha upande wa mashariki ni chenu.

Nisalimie Sattam, mwambie mjomba wake anamtaka aje amsaidie na mbuzi shule ikifungwa. Mbusu Nuwar. Majirani wote wape salamu zangu, hata yule asiyerudisha vyombo.

Na kama utaona moyoni mwako kwamba abaki, kahawa hiyo kwa sasa imeshapoa. Imwage, mmiminie ya moto. Kisha mshikie kikombe mwenyewe, kwa sababu vidole vyake bado havijafunguka sawasawa.

Mimi mdogo wako,
Mutlaq