Ulisema ni Kiuno

Kabambare, siku ya ishirini na mbili, mwezi wa Rajabu

Kwa somo yangu Faida,

Barua hii nimeianza mara mbili na mara mbili nimeichana. Hukujua kusoma. Ulipokuwa hai nilikuwa nakusomea mimi daftari langu, wewe umekaa unachagua mawe kwenye mchele, unaniambia, "Ruka hiyo ya mvua. Nisomee siku niliyogombana na mpishi." Basi fanya kama umekaa na ungo wako. Nitakwenda polepole, kwa tarehe zake, na wewe unicheke kwa tarehe zangu kama ulivyozoea.

Tangu ulipotuacha tumehama. Bwana amefungua ghala hapa Kabambare, na sisi wake zake wawili tumetembea siku saba kutoka Kasongo kuja kukaa huku. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kulifagia kaburi lako. Mwajuma, mke mdogo, yule uliyekuwa ukimwita Kifaranga, sasa ana watoto wawili na sauti ya mtu mwenye nyumba. Mimi ananiita Bibi, kwa heshima na kwa kunichokoza. Nina chumba kinachotazama uani. Nina karatasi, nina wino. Nilidhani nimebakiwa na kuzeeka tu.

Mfungo nane, siku ya sita. Nakunakilia kama nilivyoandika: "Baada ya sala ya adhuhuri nimeona damu. Kidogo, rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Siumwi popote." Chini yake nikatia nukta, kama nilivyokuwa nikitia ujanani kila nilipoingia mwezini. Kisha nikafungua kurasa za nyuma kuitafuta nukta iliyotangulia. Ilikuwa na miaka saba.

Unanijua. Kitu kikinitisha nakitafutia kitabu. Nilikitoa kile cha sheria za dini alichoniachia Bibi Mkubwa wetu wa Kasongo, aliyenifundisha herufi ili nimsomee macho yake yalipofifia. Nikasoma kwamba damu, hata ya mwanamke mzee, isipozidi siku kumi na tano ihesabiwe hedhi, na mwenye hedhi haswali. Nikaukunja mkeka wangu wa kusalia, nikauegemeza ukutani.

Hapo ndipo nilipokosea, somo. Sheria niliisoma sawasawa. Nilichosahau ni kwamba naishi na wanawake. Siku ya tatu Mwajuma alisimama mlangoni pangu na mwiko mkononi, akautazama mkeka, akanitazama mimi. "Bibi, mkeka unaumwa?" Akatazama tena. "Hee. Bibi karudi mwezini." Akapiga kigelegele, kimoja, kifupi, kama mtu anayejaribu koo. Kabla ya alasiri ua mzima ulijua. Mpishi akasema mti mkavu umechipua. Mwanamke aliyeleta sombe, majani yetu ya muhogo, sokoni alinishika mkono akanipa fungu la bure, akaniomba nimwombee dua binti yake asiyezaa.

Mimi, ambaye sikuzaa hata mara moja.

Mwajuma akatuma salamu kwa Bwana, aliyekuwa ameondoka mwezi huo huo kwenda Nyangwe kwa biashara yake. Jibu lililetwa na wapagazi, mfungo tisa, siku ya pili: doti ya kitambaa kizuri na barua. Na kwa kuwa nyumba nzima hakuna ajuaye kusoma isipokuwa mimi, mimi ndiye niliyekalishwa katikati ya ua kuwasomea. "Mwambieni mke wangu mkubwa asikate tamaa na rehema ya Mungu. Mke wa Nabii Ibrahimu alikuwa mzee, akacheka, akapata Isihaka. Naye Bi Sara wangu na acheke." Niliisoma kwa sauti. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja. Nikacheka.

Wakati huo damu ilikuwa imekwisha kuvuka siku kumi na tano. Kitabu kinasema ikivuka hapo si hedhi, ni ugonjwa: mwanamke aoge, ajifunge pamba, atawadhe kwa kila sala, aswali. Nikafanya hivyo. Nikaacha nguo za rangi, nikavaa kaniki tu, maana nyeusi haisemi. Vitambaa nikawa nafua mwenyewe kijitoni, mahali pa juu, kabla wanawake hawajashuka na vibuyu vyao vya maji. Na mkeka nikautandika tena.

Unaona nilichofanya? Mkeka ulipokunjwa walisema damu imerudi. Ulipotandikwa walisema damu imekatika. Na damu ikirudi kisha ikakatika, kwa mwanamke mwenye mume, kila mtu anajua inaitwa nini. Mwajuma alinipokonya ndoo ya maji. "Wacha, Bibi. Usinyanyue kitu." Kama ningesema kweli ningewavunjia furaha na ningemfanya Bwana mtu wa kuchekwa hadi Nyangwe. Kama ningenyamaza, tumbo lingehesabiwa miezi. Nilikaa katikati kama panya kwenye mtego wa mlango mmoja, na mlango ule ule nilioingilia nimeufunga mwenyewe, kwa adabu na kwa kitabu.

Rajabu, siku ya nne, Mwajuma akamleta mkunga. Hakumleta kwa hofu. Alimleta athibitishe. Anaitwa Mama Sikuzani, Mbangubangu wa hapa hapa, mfupi, kucha amezikata hadi nyamani. Alikuja na kichupa cha mawese na kitambaa safi, akasema, "Bibi, lala tu kidogo, miye naangalia, naenda." Na nyuma yake, uani, niliwasikia Mwajuma na mpishi na wengine wamejipanga wanangoja jibu.

Nikasema kichwa kinaniuma. Siku ya tisa akarudi, nikasema nimefunga. Siku ya kumi na tatu nikasema leo Ijumaa. Mama Sikuzani akanitazama sana. "Bibi, Ijumaa watoto hawazaliwi?" Akachukua kichupa chake akaenda.

Wewe peke yako ungeelewa, na wewe hupo. Mwajuma alizaliwa ndani ya nyumba, hajui. Hajui siku tuliyofikishwa Kasongo na msafara wa watumwa, wewe kutoka upande wa Wamaza, mimi kutoka kwetu Uzimba, na mwenye mali akatupa sote wawili jina moja kwa sababu hakutaka kujisumbua kufikiri la pili. Faida na Faida. Ndiyo maana tukaitana somo, tukalifanya jina lake kuwa letu. Hajui mkeka ule tuliolazwa mmoja mmoja, wala yule mwanamke aliyewekwa kutukagua, ambaye hakuniuliza lolote, akafanya alichofanya, akageuza shingo akawapigia kelele wanaume waliokuwa uani: "Huyu mzima." Kama mtu anayegonga chungu kabla ya kukichukua. Ilipofika zamu yako ulimpiga teke la kifua akakaa chini. Ulipigwa kwa ajili ya teke lile, na kwa miaka mingi tulilicheka. Mimi sikupiga teke. Mimi nilitulia. Ndicho kitu ambacho sijawahi kukisamehe katika mwili huu, kwamba ulitulia. Tangu siku ile mtu akiniambia lala tu kidogo, masikio yangu yanaziba na ninasikia watu nje ya ukuta.

Kwa hiyo nilipanga kukataa hadi mwisho. Niliandika hivyo, siku ya kumi na nne: "Sitalala."

Kilichonigeuza ni wewe, na nakuambia kwa hasira.

Ni mimi niliyekuosha. Nililiomba jambo hilo kwa sababu sikutaka mkono mwingine ukuguse. Nilijifunga kitambaa mkononi kama sheria ilivyo, nikakukandamiza tumbo polepole, nikasafisha, na damu ikaja. Nikaweka pamba. Ikaja. Nilibadilisha pamba mara nne, somo, huku wanaume wamekwisha kusimama na jeneza wanauliza vipi. Na chini ya kitanda chako nikakuta vile vitambaa, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri, vingi kuliko vya miezi miwili. Mwaka mzima ulikuwa unakwenda umejishika nyuma, na kila nilipokuuliza ulisema ni kiuno. "Kiuno tu, somo. Ni kuinamia mpunga wa watu." Nilikuchua kiuno kwa mafuta jioni ngapi? Nilichua mahali pasipouma, na wewe ukaniacha nichue.

Niliyakumbuka hayo nikiwa kijitoni nafua. Nikatazama mikono yangu, nikaona inakunja kitambaa kama ulivyokunja wewe, pembe kwa pembe. Nikafikiri: nami nitaoshwa. Nikikataa leo, mkono utanifikia siku hiyo, nami sitaweza kusema ngoja, wala acha, wala wewe ni nani. Mwanamke yeyote aliye karibu atafanya kazi yake, na akitaka kutoka nje kusema alichokiona atasema. Kama ni lazima mtu auone mwili huu, basi auone nikiwa nina ulimi.

Siku ya kumi na saba nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Sikuzani. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimpa masharti yangu niliyokuwa nimeyaandika ili nisisahau, nikamsomea. Kwamba tufanye kwake, si kwangu. Kwamba uani pasiwe na mtu. Kwamba nikisema acha, aache, hata akiwa amebakiza kidogo. Kwamba atakachokikuta aniambie mimi, kwa sauti ndogo. Na kwamba aniambie kila mara anataka kufanya nini kabla hajafanya.

Alisikiliza huku anamenya. Kisha akacheka kidogo, si kwa dharau. "Bibi, weye umeniandikia sheria kama Mwarabu." Nikamwambia nimechelewa kuziandika. Akaweka kisu chini, akanawa. Akawatoa wajukuu wake wote, akawafukuza hadi shambani. "Mikono yangu iko na macho," akasema. "Mdomo haina."

Nililala. Nilimwambia nitasema acha, nikasema, mara ya kwanza kabla hata hajanigusa. Akaacha. Alikaa pembeni akanihadithia habari ya mbuzi wake aliyekula kanzu ya mwalimu, hadi mwisho, na mwalimu akimfukuza mbuzi. Akauliza, "Sasa?" Nikasema sasa. Nilisema acha tena. Akaacha tena. Mara ya tatu nilinyamaza, lakini haikuwa ile ya kutulia. Nilikuwa naangalia mianya ya dari na nafahamu kila neno aliloniambia. Iliuma kidogo. Ilikuwa fupi kuliko miaka yote niliyoiogopa.

Alinawa. Akaja akakaa karibu na kichwa changu, akasema polepole, kama tulivyopatana.

"Mtoto hakuna."

Nikasema najua.

"Kwenye mlango wa kizazi iko kitu. Kidogo, kigumu, kama ncha ya kidole. Nikigusa inatoa damu." Nikamuuliza ni nini. Akasema hajui jina lake, na dawa ya kukiondoa hana, na yeyote atakayeniambia anayo nimwogope. Amekikuta kwa wanawake wawili. Mmoja alikufa. Mwingine kinamtoa damu hadi leo na analima mihogo nyuma ya kijito, ana wajukuu. "Nitakuangalia kila mwezi ukiandama," akasema. "Ikikua nitakuambia. Ikikaa nitakuambia. Sitakuficha."

Hiyo ndiyo habari yangu yote. Bado nimo mtegoni, usidhani nimetoka. Mtego umehama tu kutoka uani umeingia ndani, na huko sina mlango wa kumfungia mtu. Kila ninapokohoa nasikiliza. Kila ninapotawadha naangalia. Nimeswali leo sala tano na kwa kila moja nimejifunga upya, na katika sijida nimejikuta nahesabu badala ya kuomba.

Jana nilimwambia Mwajuma. Nilimwita chumbani, nikafunga mlango, nikamwonyesha kitambaa. Nilimngoja apige kelele. Alikishika, akakigeuza, akakaa chini kwenye mkeka wangu. Akasema, "Na ndoo nilikuwa nakupokonya." Nikamwambia aendelee kunipokonya. Akacheka huku anafuta pua. Kisha akauliza kama Bwana aandikiwe, na nani atamwandikia. Tukatazamana. Kesho nitaandika kwa mkono wangu kwamba Bi Sara wake hakupata Isihaka, na wapagazi watakwenda nayo.

Nakulaumu, somo, na kulaumu kwenyewe ni njia ya kukulilia. Ungeniambia nisingekuponya. Lakini ningejua wapi pa kuweka mkono. Ungekuwa na mtu mmoja wa kusema naye jina la kitu, na mimi ningekuwa sikukutana na maumivu yako kwa mara ya kwanza siku ambayo hayakukuuma tena.

Mungu akupanulie kaburi, akupe baridi. Ninaloahidi ni hili, na nimeliandika daftarini kwa tarehe. Nikizidiwa, nitasema. Mwajuma nimemwambia yeye ndiye atakayeniosha, na nimekwisha kumweleza atakuta nini, ili mkono wake usishtuke. Na mwezi wa Shaabani ukiandama, Mama Sikuzani akibisha, nitamfungulia mwenyewe.

Mimi, somo yako,

Faida